Sauti ya Kupangisha

Katika miaka mitatu Mkalimani alikuwa amejifungua mara kumi na tisa, mara mbili mapacha. Alikuwa ametolewa mawe kwenye figo, ameng'olewa magego, amevunjika nyonga akishuka ngazi, na siku moja, kwa dakika arobaini nzima, alikuwa mzee wa miaka sabini na tatu aliyeshindwa kukojoa. Yote hayo yalimpata akiwa amekaa kwenye kiti kimoja, chumbani kwake, ghorofa ya nne, na hedifoni masikioni.

Kazi yake ndiyo ilikuwa hiyo. Hospitali za nchi ile ziliposhindwa kuelewana na mgonjwa anayesema Kiswahili, zilipiga simu kwenye kampuni, na kampuni ikamtafuta yeye au mmoja wa wenzake wawili. Kanuni ya kwanza ya kampuni ilisema mkalimani hatamki "mgonjwa anasema anaumwa." Anatamka "ninaumwa." Mgonjwa akisema mimi, mkalimani naye anasema mimi. Haongezi neno, hapunguzi, hatoi ushauri, hata pole hatoi. Akiwa na lake mwenyewe la kusema, labda hakusikia vizuri, basi ajitaje kama vile anamtaja jirani: "Mkalimani anaomba urudie." Simu zote zilirekodiwa, na Msimamizi alikuwa na kawaida ya kuchomoa moja moja na kuisikiliza mwanzo hadi mwisho.

Mwanzoni mambo haya yalimchekesha. Akitoka chumbani alimwambia mumewe, "Leo nina mimba," na mumewe aliangua kicheko akauliza, "Ya nani tena?" Walikuwa bado wana utani wa namna hiyo.

Mumewe huyo, watu wa kwao pale mjini walimwita Mwalimu, kwa kuwa alikotoka alifundisha hesabu miaka saba, na jina halikuhitaji kibali cha kazi. Huku ugenini alikuwa mpakiaji katika ghala la vyakula vya baridi. Alivaa koti zito hata watu wengine wakiwa vifua wazi, mpaka bega lilipomtoka na ghala likamwambia apumzike kwanza. Hilo "kwanza" lilikuwa limeingia mwezi wa nne. Sasa alishinda nyumbani, na nyumba yenyewe ilikuwa chumba, sebule yenye jiko pembeni, na choo.

Simu ikiingia, Mwalimu alitakiwa awe kama hayupo. Redio izimwe. Birika liepuliwe kabla halijaanza kupiga mluzi. Choo kisivutwe. Mkalimani alibandika karatasi mlangoni, NIKO KAZINI, na Mwalimu akajifunza kunyata kwa soksi katika nyumba aliyoipanga kwa jina lake. Siku moja kikohozi kilimbana, akakimbilia kwenye korido ya jengo akakohoa huko, kiganja mdomoni. Jirani akafungua mlango, akamwangalia juu mpaka chini, akaufunga tena na kuuwekea mnyororo. Mkalimani alipomaliza simu alimkuta kwenye kochi, mikono magotini, macho ukutani.

"Pole, mume wangu."

"Pole ya nini? Au na kikohozi changu utanikoholea wewe?"

Ulikuwa utani, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Kofi la kwanza lililetwa na mzee aliyekuwa akifa. Mzee mwenyewe alikuwa ameoa mwenyeji, wakaishi pamoja miaka mingi, lakini maradhi yalikuwa yamemfuta kichwani lugha ya mkewe na kumwachia ile ya mama yake. Mke alikuwa amekaa pembeni ya kitanda haelewi neno. Hospitali ikapiga simu. "Nimekupenda tangu siku ile ya kwanza," mzee alisema, na Mkalimani akalisema hilo kwa lugha ya wenyeji, polepole, kwa sauti ya mtu anayemaanisha, maana mzee alimaanisha. Sebuleni Mwalimu aliyasikia yote. Lugha ile aliijua kabla ya mkewe. Mkalimani alipofungua mlango, uso umelowa kwa machozi ya watu wawili asiowajua, kofi likampokea.

Baadaye alimweleza, naye akaelewa, akapiga magoti akalia. Alimkanda shavu kwa kitambaa cha maji baridi. "Naapa, Sauti," alisema. "Hii mikono sijui imetoka wapi."

Sauti ndilo jina alilompa enzi za uchumba wao wa mbali. Mwalimu alitangulia huku miaka miwili, na kila siku ya Mungu, saa ya mapumziko ya ghala, alimpigia. Alimfundisha lugha ya wenyeji kwa simu, neno moja kwa siku, na wodi za hospitali zinazomlipa leo zilianzia kwenye maneno yale. Kule kwao Mkalimani alikuwa akikimbilia uani penye mtandao, dada zake wanamfuata nyuma wakimcheka, naye anawajibu huku amebana simu sikioni: "Amenipigia! Jamani, amenipigia!"

Kofi la pili halikuhitaji mzee. La tatu lilikuwa ngumi ya mbavuni, na mbavu hazionekani. Siku mbili baada ya hiyo ngumi Mkalimani alimpigia mama yake.

"Mama," alisema, "amenipiga."

Mlango ukafunguka. Mwalimu alikuwa ameshika vikombe viwili vya chai.

"Nani kakupiga?" mama aliuliza kule mbali.

"Amenipigia, mama. Msimamizi wangu. Amenipigia simu, nimeongezewa zamu."

"Haya, mwanangu," mama akasema, na katika hiyo "haya" Mkalimani alijua kwamba mama amesikia vyote viwili. Mwalimu akaweka kikombe mezani, akakoroga sukari mwenyewe, vijiko viwili, kama apendavyo mkewe.

&nbsp;

Simu ya Nesi iliingia Jumanne, saa nne asubuhi.

"Mkalimani wa Kiswahili, nipo tayari."

Nesi alikuwa na sauti ya mtu aliyesimama tangu alfajiri. Alieleza kwamba yuko chumba cha majeruhi, na mwanamke mwenye kifundo cha mkono kilichovunjika. Mumewe yupo, na anasema anaweza kutafsiri mwenyewe, lakini taratibu zao hazikubali.

"Habari ya kazi, dada!" sauti ya mwanamume iliingia, changamfu. "Afadhali tumepata ndugu. Mwambie tu mke wangu ameteleza, yaishe."

"Habari ya kazi, dada, afadhali tumepata ndugu, mwambie tu mke wangu ameteleza, yaishe," Mkalimani alimwambia Nesi, neno kwa neno, kama kanuni inavyotaka.

"Swali ni la mgonjwa," Nesi alijibu kwa ukavu. "Mama, mkono umeumiaje?"

Mkalimani aliliweka swali kwa Kiswahili. Kitanda kililia. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu anayeangalia pembeni.

"Amenipiga."

Alisikia. Mtu asije akasema laini ilikuwa mbovu, laini ilikuwa safi kabisa. Lakini kabla hajafungua mdomo, mume wa yule mwanamke alicheka.

"Amenipigia, anasema. Nilimpigia simu mimi, nikiwa kazini. Simu iko jikoni, yeye yuko bafuni, sakafu imelowa. Si ndivyo, mke wangu? Sema basi, dada wa watu anasubiri."

"Ndiyo," mwanamke alisema. "Amenipigia."

"Mkalimani?" Nesi aliita. "Amesema nini?"

Katika lugha ya wenyeji maneno hayo mawili hayana undugu hata wa mbali. Mtu aliyepigwa na mtu aliyepigiwa hawafanani, na hakuna namna ya kutamka moja likasikika kama jingine. Kanuni ilimtaka aseme yote yalivyofuatana: la kwanza la mke, kisha la mume, kisha la mke tena. Isingechukua hata nusu dakika. Mkalimani akainua macho, na chini ya mlango, pale mwanga wa sebule unapopenya, akaona vivuli viwili vya miguu. Havikusogea.

"Alinipigia simu," alisema kwa lugha ya wenyeji. "Nikakimbia kuipokea. Nikateleza."

Vitufe vikasikika vinabonyezwa, neno la uongo linaingia kwenye faili la hospitali. "Asante, mkalimani," akasema, na simu ikakatika. Ilikuwa imechukua dakika kumi na moja, na dakika hizo alilipwa.

Alivua hedifoni akakaa. Aliona aibu, aibu ya kweli. Alikuwa amemfanyia mwanamke wa watu kile alichojifanyia mwenyewe kwa mama yake, na yule hakuwa amemwomba.

&nbsp;

Wakati wa kula Mwalimu alipakua yeye. Alikuwa na siku zake nzuri, na hiyo ilielekea kuwa mojawapo.

"Leo umeteleza," alisema.

"Ni mgonjwa."

"Najua ni mgonjwa. Umekimbilia simu ukateleza. Juzi ulikuwa huwezi kupumua. Wiki iliyopita ulikuwa unaogopa giza." Alisogeza sahani yake mbele kidogo. "Mchana kutwa nasikia mke wangu anaumwa, anazaa, anaogopa, anapenda. Hebu niambie kitu kimoja tu. Nitajuaje lini ni wewe?"

"Nilishakueleza. Nikiwa mimi, nasema mkalimani."

"Yaani ukisema mimi, si wewe. Ukisema mkalimani, ndiyo wewe." Alitikisa kichwa, na tabasamu la zamani, la mwalimu aliyepewa jibu la ajabu na mwanafunzi, likampita usoni. "Hesabu hiyo hata mimi imenishinda."

Mkalimani naye akatabasamu, kwa kuwa alimpenda. Hilo ndilo lililokuwa likimchosha, kwamba kumwogopa hakukupunguza kumpenda hata kidogo, vyote viwili vilikaa tumboni mwake vikila sahani moja.

"Sauti yako umeipangisha, Sauti," Mwalimu alisema. "Wapangaji wamejaa, na mwenye nyumba nalala nje."

"Bega likipona utarudi kazini, mambo yatakaa sawa."

"Bega." Akainuka akaleta barua kutoka juu ya kabati. Ilikuwa ya ofisi ya vibali, na ilikuwa imefunguliwa siku nyingi, kona zake zimechakaa kwa kushikwashikwa. Mpaka mwisho wa mwezi apeleke uthibitisho wa ajira, au maelezo ya daktari. Asiwe na kesi yoyote polisi. Asipotimiza, kibali chake kitafutwa, pamoja na cha mtegemezi wake. Mtegemezi wake ndiye Mkalimani. Yeye ndiye aliyelipa pango na taa na mkate wa mezani, lakini kwenye karatasi za nchi ile aliandikwa chini ya mumewe kama mtoto mchanga.

"Mbona hukunionyesha?"

"Nikuonyeshe saa ngapi? Mlango umeandikwa uko kazini."

Alisema hivyo bila hasira, akanyoosha mkono kumgusa shavu. Ulikuwa mkono wa upendo, na Mkalimani alilijua hilo, lakini mwili wake haukujua. Kichwa chake kilirudi nyuma, mabega yakapanda. Mwalimu aliuona mwendo ule wote. Mkono ukabaki hewani, kisha ukarudi mezani, ukakunja barua mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa haikunjiki tena. Hakuna aliyemaliza chakula.

&nbsp;

Zilipita siku tisa. Siku ya kumi, bado ni asubuhi, simu iliingia na sauti ikawa ileile ya mtu aliyesimama tangu alfajiri.

"Mkalimani, nina mgonjwa ambaye amewahi kuja hapa," Nesi alisema. "Mumewe ametoka kwenda kuhamisha gari, nimemwambia ameegesha vibaya. Hakuegesha vibaya. Tuna dakika chache."

Mkalimani aliutazama mlango, ambao upande wa pili ulikuwa na ile karatasi. Sebuleni kulikuwa kimya. Mwalimu alikuwa amerudi nusu saa kabla, ameongea na daktari wa ghala, na kutokana na jinsi alivyoweka funguo mezani, Mkalimani hakuhitaji kuuliza daktari amesemaje.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, akimfuata Nesi neno kwa neno, "mimi ni Nesi, nataka kuongea na wewe kabla mumeo hajarudi. Unaumia wapi?"

"Dada," mwanamke alisema. Alikuwa anapumua kwa shida, maneno yanatoka vipande vipande. "Ni wewe wa siku ile?"

Kanuni. "Dada, ni wewe wa siku ile?" Mkalimani alimwambia Nesi.

"Mjibu tu."

"Mkalimani anathibitisha kwamba ndiye."

"Basi safari hii," mwanamke alisema, "sema nilichosema."

Hilo nalo lilibidi litafsiriwe. Akalitafsiri: "Basi safari hii sema nilichosema." Akamsikia Nesi anaacha kuandika.

"Ana maana gani?"

Simu ilikuwa inarekodiwa. Msimamizi angeweza kuisikiliza kesho, au mwaka ujao, au asiisikilize kamwe.

"Mkalimani anaomba kusahihisha kumbukumbu za siku ile," alisema. "Mgonjwa alisema amepigwa na mumewe. Mume akalibadilisha neno, na mgonjwa akalazimika kulifuata. Mkalimani alisikia vizuri tangu mwanzo. Mkalimani aliogopa."

Alingoja Nesi amfokee, na kwa kweli angemshukuru.

"Nimeandika," Nesi alisema. "Mama, endelea. Nani amekuumiza?"

"Mume wangu amenipiga."

Mkalimani aliegemea mbele mpaka kinywa kikagusa kipaza sauti, akaisema sentensi hiyo kwa lugha ya wenyeji kwa mnong'ono. Mume wangu amenipiga.

"Sikusikii, mkalimani. Kuna mashine inalia huku. Ongeza sauti tafadhali."

Akaisema tena, kwa sauti ya kawaida.

"Bado. Kwa nguvu, na polepole, niiandike vilevile."

Basi akanyoosha mgongo, akafumba macho, akasema kwa sauti ile safi ambayo kampuni iliisifu kila mwaka, kila neno limesimama peke yake: "Mume wangu amenipiga."

Sebuleni, kochi lililia.

"Mara ya kwanza?" Nesi aliuliza.

"Si mara ya kwanza."

"Unaweza kurudi nyumbani leo?"

"Siwezi. Ameshika mlango wa maisha yangu yote, karatasi zangu anazo yeye. Naogopa ataniua."

Mkalimani aliyasema hayo yote, kwa nguvu na polepole, kwa nafsi ya kwanza, na alipokuwa anayasema alijua kabisa nani anayasikia nyuma ya mlango. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema mkalimani amepata dharura, simu ihamishwe kwa mwenzake. Lakini gari la yule mwanamume lingekuwa limeshaegeshwa tena, na mwanamke yule amesema neno lake mara mbili katika maisha, na la kwanza Mkalimani ndiye aliyelizika.

"Unataka niite polisi?" Nesi aliuliza.

"Ndiyo," mgonjwa alisema. "Waite."

"Ndiyo," alisema Mkalimani. "Waite polisi."

Mlango ulifunguka ukagonga ukuta, karatasi ikadondoka.

"Polisi?" Mwalimu alisema. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Na barua ile umeisoma kwa macho yako. Unaniitia polisi?"

"Si mimi! Mwalimu, si mimi, niko kazini, huyu ni mgonjwa..."

"Umesema mume wangu amenipiga. Umerudia mara tatu ili wasikie vizuri!"

"Mkalimani..." alianza, lakini hakujua tena anasema na nani wala kwa lugha ipi, na ngumi ikamkuta upande wa sikio la kushoto. Hedifoni ikapasuka upande huo. Kiti kikaenda huku, yeye akaenda kule, akaangukia kati ya kitanda na ukuta na kugonga paji la uso kwenye ukingo wa dirisha. Damu ikaanza kumwingia jichoni. Upande wa kulia wa hedifoni ulikuwa bado umemng'ang'ania sikio.

"Mkalimani?" Nesi alikuwa anaita humo. "Mkalimani, kumetokea nini?"

Akajifuta damu jichoni kwa kiganja.

"Dada?" Hiyo sasa ilikuwa sauti ya mgonjwa. Kelele za Kiswahili alizisikia zote, na mshindo ule hakuhitaji kuelezwa, aliufahamu. "Dada, amekupiga?"

Nesi hakuelewa swali hilo. Alikuwa anaendelea kuita mkalimani, mkalimani, kama mtu anayetikisa mlango. Ndipo mgonjwa, ambaye katika miaka yake yote ya nchi ile hakuwa ameruhusiwa kujifunza zaidi ya asante na hapana, akasema kwa lugha ya wenyeji sentensi nzima. Aliisema kwa matamshi ya Mkalimani, kila neno limesimama peke yake, kama alivyoisikia muda mfupi uliopita.

"Mume wangu amenipiga."

"Ndiyo, mama, nimeandika," Nesi alisema. "Subiri kidogo, simu..."

"Hapana," mgonjwa alisema. Na Mkalimani akasikia ukucha unagonga simu, tk, tk, tk, karibu kabisa na sikio lake. "Mume wangu amenipiga." Tk, tk.

Sauti ya Nesi ilishuka.

"Mkalimani. Maneno haya ni ya nani?"

Mwalimu naye alikuwa ameshaiona taa ya kijani ya simu, na saa ya dakika inayohesabu kwenye kioo. Alielewa. Mkalimani aliona jinsi alivyoelewa, kipande baada ya kipande, kama mtu anayesahihisha hesabu yake mwenyewe na kukuta kosa liko mstari wa kwanza. Mwalimu alipiga magoti pale penye karatasi, akaikusanya mikono yake miwili kifuani.

"Sauti," alinong'ona. "Mwambie umeteleza. Mwambie tu kiti kimeteleza, yaishe. Kibali, mke wangu. Tutarudishwa wote. Nilidhani... sikujua kama si wewe. Naapa sikujua si wewe."

Alikuwa analia, na machozi yalikuwa ya kweli, kama ya mara zote. Na Mkalimani alimwonea huruma. Alijua akisema neno moja, kazi imekwenda, nyumba imekwenda, na yeye ambaye ndiye aliyepigwa atapakiwa ndege moja na aliyempiga. Alijua pia kwamba yule mtu wa simu za kule uani, aliyempigia kila siku ya Mungu na kumfundisha neno moja moja, alikuwa mle mle ndani ya huyu anayelia. Alimtafuta usoni. Akaona tu mtu anayengoja kuona kama atateleza.

"Mkalimani?" Nesi alisema. "Ni maneno ya nani?"

"Yangu," alisema.

Sauti ilitoka ya kukwaruza, ngeni, ambayo kampuni isingeisifu. Akaijaribu tena.

"Yangu mimi. Mume wangu amenipiga mimi. Yuko hapa."

"Unaishi wapi?"

Akataja mtaa, namba ya jengo, ghorofa ya nne, mlango wa kushoto. Kisha, kwa kuwa kila linalosemwa kwenye simu lazima mgonjwa naye alielewe, na kwa kuwa miaka mitatu si mchezo, akaanza kulirudia kwa Kiswahili: "Nimemwambia kwamba mume wangu..."

"Acha, dada," mgonjwa alisema. "Nimesikia. Usikate simu tu. Na mimi sikati."

Mwalimu aliinuka taratibu. Aliitazama simu, akaitazama damu, akatazama mikono yake. Akaiokota karatasi iliyodondoka, akaibandika tena mahali pake kwa kiganja. Kisha akatoka kwa kunyata, kwa soksi zake, akauvuta mlango nyuma yake polepole, kama alivyojifunza, usije ukalia, maana simu ilikuwa bado hewani.